Nilivyoteuliwa afisa wa kuzuia utumwa katika kampuni ya kukata nyasi, hapa Kitengela

Wakuu, salamu kwenu wote, hasa wale mnasoma hii mkiwa kazini mkijifanya mko busy.

Hii nawaandikia ilinitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Majina nimebadilisha kwa sababu bado hawa watu ndio wananilipa na sijapata kazi ingine. Mwenye haraka aruke mpaka mwisho. Mwenye chai akae.

Mimi ni supervisor wa kampuni ya bustani. Tunakata nyasi, tunapanda maua, tunatengeneza njia za mawe kwa compound za watu wako na pesa kuliko mipango. Kuna mmoja alitaka chemchemi ya maji kwa mtaa ambao maji ya mfereji inakuja ikijisikia. Tulimjengea. Sisi si wazazi wake.

Boss wetu ni mwanamke, tumwite Madam Rhoda. Hii kampuni aliianza na slasha moja na mdomo. Slasha ilishaisha. Mdomo bado uko.

Sasa kulikuwa na tenda. Estate mpya upande wa Isinya, wenyewe wako ng'ambo. Nyasi, miti, njia za mawe, kila kitu. Madam alifunga na kuomba mpaka akakonda kidogo. Tukaambiwa tumepata, lakini kabla ya kusaini lazima tuonyeshe vile tunazuia "utumwa wa kisasa" kwa kazi yetu na kwa wale wanatuuzia vitu.

Madam alisoma hiyo email kwa sauti, ofisi nzima ikisikia.

"Utumwa," akasema. "Utumwa, Kitengela hii." Akaniangalia juu ya miwani. "Wewe si ulisoma diploma? Tafuta kitu kwa internet, badilisha jina, weka muhuri."

Nikatafuta, nikabadilisha, nikaweka muhuri. Niliiba policy ya kampuni ya bustani ya mbali sana. Ndani ilisema wafanyakazi wapewe buti za kutembea kwa theluji. Niliacha hivyo hivyo. Nani anasoma hizo vitu?

Client alisoma. Akajibu kwa heshima sana, akauliza kama theluji ya Kajiado huwa inaanguka miezi gani. Halafu akauliza afisa anayehusika ni nani, na kama ametembelea suppliers kwa miguu yake.

Madam akaninyooshea kalamu. "Ni huyu."

Kuanzia hiyo siku watu wa kazi wakaanza kuniita Musa. "Musa, tupeleke Kanani, lakini tupitie Isinya tukule nyama kwanza." Hata mlinzi wa gate. Nikifungua mlango wa ofisi, mtu anatenganisha mikono kama bahari imegawanyika. Upuzi tu.

Basi nikachukua pikipiki ya kampuni nikaanza ziara ya ukombozi.

Wa kwanza ni mama anatuuzia miche ya maua. Nikamsomea swali vile liko: "Je, kuna mtu yeyote anafanya kazi hapa bila hiari yake?"

Akageuka akaita kwa sauti, "Baba Brian! Kuja, unatafutwa!"

Nikaandika hakuna shida.

Wa pili ni Yeyo Nasieku, mjane wa Kimaasai anayetuuzia mbolea ya ng'ombe. Boma yake iko ndani kidogo ukielekea Kajiado. Yeyo ni mama kwa Kimaasai, na huyu ni mama wa kila mtu, ukitaka usitake. Nikamsalimia "Takwenya," akajibu "Iko," akanipea stuli na chai ya maziwa mazito. Nikamweleza shida yangu.

Alisikiliza vizuri sana. Halafu akasema, "Naamka mbele ya ng'ombe, nalala nyuma ya ng'ombe, zikikohoa silali. Niandike mimi."

Alicheka mpaka akajifuta macho na shuka. Kijana wake wa kuchunga ng'ombe naye akacheka. Nikaona hii kazi ni tamu, natembea tu nikikunywa chai ya watu.

Wa tatu ndiye alinitoa tabasamu.

Huyu tulimwita Shemasi, kwa sababu ni shemasi kweli kanisani kwao. Alikuwa anatuuzia mawe bapa ya kutengeneza njia za bustani. Mtu mpole, suti safi, hajawahi kuchelewesha mzigo. Akileta lori, lazima aombe kabla mawe yashuke, na anaomba mrefu. Kuna siku dereva alilala kwa usukani kati ya maombi na amina.

Kwa sababu alikuwa anatuletea mwenyewe, hakuna mtu wa kampuni alikuwa amefika kwa kwari yake. Miaka yote tunanunua. Hakuna.

Iko kwa bonde ng'ambo ya Isinya. Imezungushwa mabati, gate iko na mnyororo, na mnyororo umefungwa kwa nje. Hiyo niliiona lakini haikuniingia akilini mara moja. Shemasi alikuwa kwa ofisi yake ndogo hapo nje ya gate, akashtuka kuniona. "Kijana wangu! Ungepiga simu!" Akanitolea kiti, akaagiza chai. Nikamwambia nataka tu kutembea nione kazi, ni mambo ya karatasi. Hakupenda, lakini alifungua.

Wakuu, nimefanya kazi na watu wa mjengo maisha yangu yote. Ukiingia site ya Kenya ukiwa mgeni na shati imepigwa pasi, lazima utukanwe kidogo. Mtu atakuomba kazi, mwingine credit, mwingine atauliza kama umekuja kuoa. Pale kulikuwa na watu wengi wamechuchumaa wakipasua mawe kwa nyundo na patasi, hawana glovu, hawana miwani ya kukinga macho, na hakuna mtu aliinua kichwa. Hakuna mtu alinitukana.

Hapo ndio nikaanza kuogopa.

Pembeni kulikuwa na mwanamke anasonga ugali kwa sufuria kubwa. Alikuwa anajisemesha kidogo kidogo, na nikasikia ni lugha ya kwetu. Mimi ni mtu wa Bungoma. Nikasogea kama mtu anaangalia mboga, nikasema, "Mulembe."

"Mulembe," akajibu. "Usiniangalie. Angalia sufuria."

Nikaangalia sufuria.

Anaitwa Nekesa. Yeye na ndugu yake Wafula waliona tangazo kwa group ya WhatsApp huko nyumbani. Kazi ya bustani Nairobi, chakula na malazi bure. Walipokelewa kwa stage, wakaletwa hapa na gari. Siku ya kwanza vitambulisho na simu zikachukuliwa za "kuandikishwa." Hazikurudi. Halafu wakaambiwa lazima wafanye kazi walipe nauli ya kuletwa, na chakula, na mahali wanalala, na hiyo deni kila wakiuliza imeongezeka.

"Ukisema unataka kwenda nyumbani?" nikauliza.

"Anakuombea."

Alisema hivyo tu, akageuza ugali.

Halafu akaniuliza, "Wewe ni wa kampuni gani?" Nikamwambia. "Ile inanunua haya mawe?"

"Ndio."

"Mko na njia nyingi sana huko kwenu," akasema.

Nikarudisha macho kwa sufuria.

Akanionyesha na kidevu kibanda cha mabati nyuma yake. Ndani kulikuwa na giza na joto kama oveni. Wafula alikuwa amelala kwa gunia, kitambaa kwa uso. Kipande cha jiwe kilikuwa kimemruka kwa jicho. Akatoa kitambaa nione. Jicho ilikuwa imegeuka nyeupe kama maziwa, na hiyo ingine ilikuwa inalia.

Nikarudi kwa Shemasi nikijikaza. Nikamwambia kuna mgonjwa, nimbebe nimpeleke hospitali Kitengela, ni njia yangu.

"Nimeshamuombea," akasema. "Anaendelea vizuri."

"Na vitambulisho vyao viko wapi?"

"Nimewawekea. Hawa watu wa mashambani wanapoteza vitu ovyo." Akaniwekea mkono kwa bega. "Kijana wangu, hiyo karatasi yenu andika tu vizuri. Mungu atakukumbuka."

Nilitoka. Ndio, wakuu, nilitoka nikawaacha hapo. Nyuma yangu nikasikia mnyororo ukirudishwa. Wale mnataka kuniambia vile nyinyi mngepiga teke gate kama kwa sinema, subirini, comments ziko chini.

Nilifika Isinya nikasimamisha pikipiki kando ya barabara. Nikampigia Madam nikamwambia yote.

Akauliza, "Unajua mawe yanatakiwa wiki hii?"

"Najua."

"Na una uhakika na hiyo kitu unasema?"

"Madam, nimeona jicho ya huyo mtu."

"Rudi ofisi. Usiongee na mtu yeyote." Akakata.

Nilikaa kwa kibanda nikaagiza soda, sikuikunywa. Nilijua maana ya "usiongee na mtu." Nilifikiria nyumba yangu ya kupanga, nikafikiria vile watu hawaajiri Musa. Nikafikiria pia vile Nekesa aliniangalia mara moja tu, wakati natoka, akageuka haraka.

(Ngojeni kidogo, kuna mteja ako kwa simu.)

Nimerudi. Alikuwa analia ati nyasi yetu imekauka kwa viraka. Ni mbwa yake inakojoa hapo. Tuendelee.

Sikurudi ofisi. Nilienda kwa Yeyo Nasieku, kwa sababu ng'ombe zake nilikuwa nimeziona zikikula karibu na hiyo bonde, na nilijua yeye anajua kila shamba na mwenyewe. Nilitaka tu kuuliza mwenye shamba ni nani, labda anaweza kuingia pale bila kuombewa.

"Yeyo, ile kwari iko kwa bonde, hiyo shamba ni ya nani?"

"Ni yangu," akasema. "Nimemkodishia mtu wa kanisa."

Nikamweleza. Safari hii hakucheka. Alikuwa hajawahi kuingia ndani ya hayo mabati. Shemasi alimwambia kuna baruti, asikaribie, ng'ombe zitakufa. Aliniuliza kitu moja tu, na aliuliza mara mbili.

"Kwa shamba yangu?"

"Kwa shamba yako, Yeyo."

Akaingia nyumba, akatoka na viatu vya kanisa na fimbo. "Twende Kajiado kwanza kwa ofisi ya kazi. Nikienda kwa huyo mtu peke yangu nitampiga, halafu nifungwe mimi."

Nikambeba kwa pikipiki, amekaa upande, fimbo imeelekezwa mbele kama mkuki. Magari yalitupisha.

Ofisa tulimpata ni mwanamke wa maneno machache. Alisikiliza, akauliza maswali, akaandika, akapiga simu kwa polisi. Akasema asubuhi mapema tunaenda pamoja, na tusimwambie mtu. Ushauri ule ule wa Madam.

Asubuhi nafika Kajiado, nani ako hapo amesimama kando ya gari yake na gambuti? Madam Rhoda. Nilitaka kurudi na pikipiki kinyumenyume.

"Nilikuambia usiongee na mtu," akasema.

"Ndio, Madam."

"Ukaongea na serikali."

"Ndio, Madam."

"Shemasi ako na marafiki kila kona. Ungeongea na mtu mmoja wa kazi, leo tungepata mawe peke yake." Akafungua mlango wa nyuma. Kiti kilikuwa kimetandikwa blanketi. "Ingia. Mgonjwa wa macho hatabebwa na pikipiki."

Kumbe huyu mama alikuwa amepiga simu kwa hiyo ofisi yeye mwenyewe jioni ile, akaambiwa ameshatanguliwa na mwanamke mzee mwenye fimbo na kijana wa pikipiki.

Tukafika kwa gate. Shemasi akatoka kwa ofisi yake, akaona polisi, akaanza kumshukuru Mungu kwa wageni. Yeyo Nasieku akatembea mpaka mbele yake.

"Fungua."

"Mama, kuna baruti humu, ni hatari."

"Niombee," akasema Yeyo. "Na ufungue."

Akafungua.

Sasa hii sehemu ndio hunirudia. Ofisa alisimama katikati akawaambia wale watu kwamba wako huru kutoka, hakuna mtu wa kuwazuia, hakuna deni. Nilikuwa nimejitayarisha kuona watu wakikimbia na kupiga nduru.

Hakuna mtu alisonga. Walisimama na nyundo mikononi wakimwangalia Shemasi.

Nekesa ndiye aliuliza. "Tukipita hapo kwa gate, nani atatushika?"

"Hakuna," ofisa akasema.

Nekesa akafikiria. Akainama, akatoa sufuria kwa moto isiungue, akafunika. Akaingia kwa kibanda akamshika Wafula mkono, wakatembea wawili polepole mpaka nje ya gate. Akasimama huko barabarani, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Ndio wengine wakaanza kuweka nyundo chini.

Vitambulisho na simu vilikuwa kwa buti ya gari ya Shemasi, ndani ya mfuko wa kanisa. Simu zote zilikuwa zimekufa. Madam akampea Nekesa yake apige nyumbani. Mama yake alishika, akasikia sauti, akakata. Akapigiwa tena, akakata. Mara ya tatu akafoka kwamba matapeli wamechoka na maisha yao, sasa wanatumia sauti ya mtoto wake marehemu. Ilibidi Nekesa amtajie ng'ombe wa nyumbani kwa majina ndio mama aamini. Halafu wakalia wote wawili kwa simu, na Madam akaenda kusimama nyuma ya gari ati anaangalia tairi.

Wafula tulimpeleka hospitali. Daktari alisema angeletwa mapema ingekuwa maneno mengine. Hiyo jicho inaona mwanga na kivuli tu. Ingine iko sawa. Alirudi Bungoma na hataki kusikia neno bustani. Simlaumu.

Kesi iko kortini kwa hivyo hapo sitasema mengi. Nasikia kanisani watu wamegawanyika, nusu wanamuombea.

Client tulimwambia ukweli wote, kwamba mawe yatachelewa na kwa nini. Tulijua tenda imeenda. Haikuenda. Walituuliza maswali mpaka nikatamani waifute tu, lakini walisaini. Mawe sasa tunanunua kwari ingine. Siku nilienda kuikagua, kijana mmoja aliniuliza hiyo tumbo niliikopa wapi. Nilifurahi sana.

Nekesa hakurudi nyumbani. Alisema alitoka kwao kutafuta kazi ya bustani na bado hajaipata. Madam akamwajiri.

Siku yake ya kwanza, asubuhi, watu wako kwa laini ya stoo kuchukua vifaa. Mimi niko hapo kando na kikombe changu cha chai. Nekesa akafika kwa dirisha akaomba jembe.

"Kitambulisho," akasema mtu wa stoo.

"Ya nini?"

"Unaacha hapa. Jioni ukirudisha jembe unapewa."

Nekesa akaweka mkono kwa mfuko wa sketi akaushikilia hapo. "Sitoi."

Mtu wa stoo akacheka, si kwa ubaya, kwa mazoea. "Dada, ni kila mtu. Ni utaratibu wa kampuni. Uliza hata huyo supervisor."

Akageuka akaniangalia. Laini yote ikaniangalia.

"Ile siku ulikuja kule," akasema polepole, "si ulikuwa unatafuta hii?"

Wakuu, hiyo kasha ya vitambulisho imekaa kwa hiyo dirisha tangu niajiriwe. Naweka kikombe changu juu yake. Nilitembea mpaka ng'ambo ya Isinya kutafuta kitu, na naweka chai juu yake kila asubuhi.

Madam akatoka kuona kwa nini laini haisongi. Hakuna mtu alimweleza, lakini alimwona Nekesa na mkono wake kwa mfuko, akaona kasha, akaelewa. Halafu akavuta kasha akaanza kuita majina, moja moja, akimpea kila mtu yake mkononi. Vingine vilikuwa vya chini kabisa, vya watu walivunja mkasi au kupoteza koleo, vimelala humo mpaka plastiki imejikunja. Kuna mzee wetu mmoja alipokea yake akaipangusa na shati, akaiangalia picha kama hajui ni nani.

Kasha ikaisha. Madam akamuuliza Nekesa, kwa ile sauti yake ya biashara, "Na wakiniibia majembe?"

"Niandike jina," Nekesa akasema. "Jina unaweza kukaa nalo."

Akachukua jembe akaenda kazi.

Funzo ni fupi. Mtu ako na hiyo tabia ya kushikilia wengine hatakuja na pembe kichwani. Mwingine ako na suti na maombi, mwingine ako na utaratibu wa kampuni na kikombe cha chai. Kama unanunua kitu, siku moja fika mahali kinatoka. Ukifika na watu wote wanyamaze, usirudi nyumbani ukalale. Na ukitoka kukagua wengine, anzia kwa dirisha yako.

Sasa nyinyi mtaniambia. Wale mko kwa mjengo, kwa maua, kwa nyumba za watu, masoja wa gate: saa hii unasoma hapa, kitambulisho chako kiko mfukoni mwako ama kiko kwa nani? Na wale mtasema nimetunga hii, sawa, lakini kwanza fungueni droo ya boss wenu muone. Niko hapa nasoma comments zote, hata za matusi. Matusi hasa.